Jiwe Jeupe la Papa Mapendo

Ndugu zangu, sijui nitaingiaje tena kwenye saluni ile ya kinyozi, mtaani Berea.

Mwenye saluni ni Papa Mapendo, baba wa Mapendo, msichana ninayetaka kumuoa. Mimi ni fundi simu. Kwa kutafuta sifa, nilimwambia kwamba babu yangu kule Bukavu alinifundisha kunoa nyembe. Uongo mtupu.

Jumamosi akaniita. Mezani palikuwa na wembe wa Kijapani, beseni la maji na mawe ya kunolea juu ya taulo.

"Mwanangu, nimeshaunoa. Sasa unichagulie jiwe laini ya kumalizia. Wateja wanangoja."

Jasho likanitoka. Mapendo alisimama karibu na kioo, akinitazama kwa fahari, na hilo ndilo lililonizidishia hofu. Nikayapapasa mawe moja moja; yote niliyaona sawa. Ndipo nikaona jingine karibu na beseni, jeupe, linang'aa kama barafu. Sikujiuliza kwa nini limekaa peke yake.

"Hili hapa, papa. Hata babu alitumia la namna hii."

Nikalilowesha, nikaanza kupitisha wembe juu yake. 

"Mwanangu, hiyo iko shabu," Papa Mapendo akasema taratibu. "Tunapaka mtu akikatwa na wembe, damu isimame."

Kwa mshtuko mkono ukateleza, wembe ukanichanja kidole.  Papa Mapendo alilichukua lile jiwe nililolichagua, akanipaka nalo polepole mbele ya wateja wote, na aliyeanza kucheka ni Mapendo.