Maneno Mawili Niliyoyaandika Bila Kuyasikia

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi alinivalisha visikilizio, akaniwekea pedali ya kusimamishia rekodi chini ya mguu, akasema: "Mama, andika ile unasikia. Ile unajua, wacha ku nyumba." Alikuwa mzee Mkongomani, na sisi wa kitengo cha Kiswahili tulimwita Papa. Mimi Mkenya, na vyeti vyangu vya uhazili, nilimwona anajisumbua bure.

Kazi yenyewe ilikuwa kugeuza sauti kuwa maandishi. Kesi zikisikilizwa hapa Durban hurekodiwa, na mtu akikata rufaa, rekodi huchapwa neno kwa neno iwe mwenendo wa kesi. Vijana wengi hudhani majaji wa rufaa huwaita mashahidi upya. Kwa kawaida hawawaiti. Husoma karatasi, na karatasi zile tulizichapa sisi. Nimechapa kesi za wizi na za mauaji, lakini za watoto ndizo zilizonikosesha hamu ya chakula.

Nilikuwa na haraka, tena nikipenda kusifiwa haraka yangu. Shahidi wa Kiswahili akijibu, ilitupasa kuandika kando ya jibu "kupitia mkalimani", yaani limetafsiriwa. Nikatega kitufe kimoja cha kompyuta, nikikibonyeza maneno hayo mawili yanajiandika yenyewe. Papa hakukipenda kabisa.

Ikaja kesi ya mama mmoja Mkongomani, muuza nyanya wa soko la Warwick. Binti yake mdogo alichukuliwa na ofisa wa ustawi wa jamii, akapelekwa kituo cha watoto, na hakimu akaandika kwamba mama amekubali mtoto akae huko. Mama akakata rufaa: hakuelewa alichoulizwa. Lakini mwenendo niliouchapa ulisema ameelewa vizuri. "Ndiyo, kupitia mkalimani."

Wakili wake akaomba rekodi isikilizwe tena. Papa akaniita, tukasikiliza pamoja. Mkalimani anaomba ruhusa aende chumba kingine. Kiti kinasogea, mlango unafungwa. Hakimu anaendelea kuuliza kwa Kiingereza. Kisha sauti ya mama: "Yes, sir." Mkalimani hakuwamo. Alikuwamo kwenye kitufe changu tu.

Niliona aibu, nikavua visikilizio. "Papa, nikiapa kwamba nimekosea, watanifukuza."

"Kazi utapata ingine, Mama. Ule mtoto atapata mama ingine wapi?"

Nikaapa kwa maandishi. Papa akatia sahihi chini ya yangu ingawa hakuna aliyemlazimisha, na tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule. Sikufukuzwa, ila onyo nilipewa la kutosha. Majaji wakatengua makubaliano yale, wakaamuru kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, mkalimani akiwepo mwanzo hadi mwisho.

Iliishaje, sikujua. Sisi tulipata sauti za watu, habari zao hatukuletewa. Hilo ndilo lililonisumbua hata baada ya kustaafu.

Juzi nilikuwa Warwick kununua mboga, nikasikia nyuma yangu: "Weye, weka simu chini. Panga nyanya."

Sauti ile niliwahi kuisikiliza siku nzima kwenye visikilizio, ningeitambua popote. Nikageuka. Msichana mwenye sare ya shule alikuwa akinung'unika, "Eish, Mama, dakika moja tu."

Nyanya nilikuwa nazo tele nyumbani. Nikanunua nyingine, na mama yule, asiyenijua, akaniongezea moja.