Daftari la Bwana Ishimoto

Ladislaus wa Kamachumu alikuwa fundi hodari, na kwa bahati mbaya alijijua. Alikuja Stockholm, Uswidi, kusomea ufundi wa malori, akahitimu, akabaki, akaajiriwa gereji ya mzee Lindqvist huko Skärholmen. Alichokitaka pale ni kimoja tu: neno lake lisikilizwe. Weee! Akisema breki za gari fulani zimekosewa tangu kiwandani, mzee humjibu "ja, ja, Lasse," yaani ndiyo, ndiyo, kisha huenda kumuuliza fundi aliyeajiriwa juzi. Lasse! Mtu mzima mwenye meno yote kinywani kashindwa kutamka Ladislaus.

Dharau zote hizo alizomezeshwa zilihitaji pa kutapikiwa, na pakapatikana Januari 1969. Mteja alileta gari dogo la Kijapani, Tamaoka, likikokotwa kwa kamba kwa sababu limegoma kuwaka kwenye baridi. Ladislaus alifungua boneti akacheka hadi akashika mbavu. Betri ya tochi! Hita isiyopasha hata kikombe cha chai!

"Hili si gari," akawaambia wenzake. "Ni kopo la maziwa lililofungwa matairi."

Mwezi uliofuata kampuni iliyoliunda ikamtuma mtu wake, bwana Ishimoto, mfupi, kavaa viatu vya harusi katikati ya theluji, Kiswidi chake cha kuokoteza. Hakwenda kwa Lindqvist. Alimtafuta aliyelifungua lile gari, akatoa daftari na penseli.

"Tafadhali, niambie ubaya wake."

Alieleza bila haya kwamba kampuni yao ilianza na mashine za kukoboa mpunga. Baada ya vita wakaunda vigari vya mizigo vya matairi matatu, na sasa ndiyo wamefikia hapa.

"Mashine za mpunga! Ndiyo maana linakohoa," Ladislaus akasema. "Haya, andika. Betri ni mzaha. Bati lenu litaliwa na chumvi ya barabarani kabla ya mvua mbili. Na kitasa hiki hakishikiki kwa mtu aliyevaa glovu. Kwani kwenu watu hawana vidole?"

Ishimoto aliandika yote, akainama, akashukuru. Akarudi Februari ya pili, na ya tatu, kila mwaka, na Ladislaus akawa anamwekea matusi akiba kama watu wanavyoweka kuni za baridi. Jioni humsimulia mkewe Gaudiosa, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, huku akiigiza zile salamu za kuinama.

"Baba Method," Gaudiosa alimwuliza siku moja, "huyo unayemcheka huwa anayafanyia nini hayo anayoandika?"

"Atafanya nini yule? Anafungia maandazi."

Februari 1976 Ishimoto alikuja na Tamaoka mpya, akaiacha nje mpaka asubuhi, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Mafundi wakatoka na vikombe vyao vya kahawa kuja kutazama kichekesho. Ishimoto, na glovu zake nene, akafungua mlango mara moja. Akawasha. Gari likanguruma mara ya kwanza, wala halikukohoa. Lindqvist akalizunguka, akatangaza kwamba kuanzia masika gereji itayauza magari hayo. Ladislaus hakuulizwa.

Ishimoto akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Juu paliandikwa LADISLAUS, herufi zote, hakuna iliyokosekana. Chini yake yalipangwa matusi yake ya miaka saba, kila moja limewekewa alama nyekundu ya vema.

"Na mwaka huu?" Ishimoto akauliza, penseli tayari.

Ladislaus alizunguka gari mara tatu, akalala chali chini yake, akatoka na theluji mgongoni. Wenzake wote walikuwa wakimwangalia. Angeweza kutunga uongo, lakini ufundi wake ulikataa.

"Hakuna," akasema.

Ishimoto akafunga daftari, akainama, akaenda zake.

Kufikia Februari iliyofuata Ladislaus alikuwa amegundua kasoro tatu za kweli kwenye giaboksi, akaziandika mwenyewe, kwa adabu, akangoja. Ishimoto hakuja. Kampuni ilishakua, sasa ilileta fomu kwa posta, na fomu zilijazwa na Lindqvist. Basi akamfuata mzee ofisini, karatasi mkononi, akamweleza ile giaboksi, jino kwa jino.

"Ja, ja, Lasse," mzee akasema, bila kuinua macho.