Zenovia Alikuwa Bado Anafikiri

Mwaka ule mvua iliwakatalia watu wa Valea Ursoaiei tangu mwezi wa sita, na ilipofika mwisho wa Agosti kila mtu kijijini alikuwa amesimama uani kwake akipima nyasi kavu kwa macho. Zenovia Hrițcan hakuhitaji kupima sana. Mkato wa kwanza ulimpa lundo moja na nusu. Mkato wa pili haukumpa kitu, maana shambani palibaki vumbi na panzi, na ng'ombe hali panzi. Lundo moja na nusu humfikisha ng'ombe mmoja mpaka theluji iyeyuke. Zenovia alikuwa na ng'ombe wawili.

Kule Bukovina, mkoa wao, ng'ombe hupewa jina la siku aliyozaliwa, watu wasipoteze muda kubuni. Mărțana alizaliwa Jumanne, miaka kumi na mitatu nyuma. Dumana alizaliwa Jumapili na alikuwa na miaka minne. Dumana alitoa lita kumi na nne kwa siku na hakuwa na akili ya kujaza kijiko. Jioni kundi likirudi kutoka malishoni, kila ng'ombe huiacha njia akaingia kwao. Dumana alipitiliza kila siku akaingia kwa padri na kula kabichi zake. Mărțana alitoa lita nne, siku nyingine tatu, lakini alilisukuma lango kwa pembe saa ileile, akasimama mbele ya mlango wa jiko na kumtazama Zenovia kama mtu aliyetoka kazini amechoka na anauliza kuna nini cha kula. Gavril, mume wa Zenovia, alikuwa ameshafariki. Kijana wao alikuwa Italia akipaka rangi nyumba za watu. Hakubaki mwingine wa kuingia kwenye lango lile bila kubisha hodi.

Usidhani Zenovia alikuwa mtu wa kulilia ng'ombe. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale alipoolewa, kwa hiyo safari yake ya maisha ilikuwa hatua mia mbili, na zote alizitembea na ndoo mkononi. Alisoma mpaka darasa la nane, kisha akakamua ng'ombe wa shamba la serikali miaka kumi na saba, ng'ombe wenye namba. Wa kwake mwenyewe alishauza kumi na mmoja. Watatu kati ya hao walikwenda bucha, na jioni yake alikula akashiba. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mgongo mpana, magoti mabovu, na mdomo ambao wifi yake Filofteia alisema ungetosha kufyekea shamba zima.

Ila Mărțana, alisema, haendi bucha. Sababu hakutoa. Filofteia, dada yake marehemu Gavril, aliyeishi ng'ambo ya uzio na kula nusu ya jibini ya Zenovia, ndiye pekee aliyejaribu kuuliza.

“Sasa nani atanunua lita nne za maziwa, wifi? Paka?”

“Paka akiwa na hela, aje.”

Alhamisi ya mwisho ya Agosti wakaondoka alfajiri, Zenovia mbele na kamba, Mărțana katikati, Filofteia nyuma na kijiti ambacho hakuwa na ujasiri wa kukitumia. Kilomita saba mpaka mnadani. Huko jua lilishapanda, vumbi limesimama hewani kama unga, wauza kengele na wauza kamba wanapigiana kelele, na moshi wa nyama za kusaga zinazochomwa unawapitia ng'ombe puani. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Ukame haukuchagua kijiji.

Zenovia alijua kumpima mtu kwa mkono wake. Mtu wa maziwa mkono wake huenda kwenye kiwele. Mtu wa nyama hushika mbavu, kisha shina la mkia, kisha anatazama mbinguni akipiga hesabu ya kilo. Wanne wa kwanza walishika mkia. Mmoja aliambiwa atoe mkono, huyo si mto wa kulalia. Wa nne alikuwa Vichentie, mwenye lori la kijani, mwembamba, shati safi. Lori lile lilijulikana na kila mtu mnadani, maana lilikuwa na njia moja tu, ya machinjioni, na ng'ombe aliyepanda hakuonekana tena akiwa na miguu minne.

“Dada Zenovia,” alisema Vichentie, “huyu ni wa rika la bibi yangu.”

“Basi mwamkie, uende zako.”

Vichentie akamwamkia ng'ombe kwa kofia, akaenda zake. Zenovia akajiona amemaliza naye. Hapo alikosea.

Karibu saa tatu na nusu akaja mzee mmoja, Gherasim, koti begani na kofia ya majani, mtu wa vijiji vya juu mlimani. Huyu alichuchumaa moja kwa moja kwenye kiwele. Akakamua chuchu zote nne, moja moja, akatazama maziwa kiganjani, akanusa. Akauliza kama anapiga teke. Akauliza kama anakubali kukamuliwa na mtoto. Alisema anamtaka kwa binti yake mwenye watoto wadogo, maziwa mengi yangewaharibikia, lita nne zinawatosha kabisa. Zenovia alimhoji mzee huyo kama polisi wa mpakani, na mzee akajibu yote. Hata Filofteia aliacha kulalamikia miguu.

Wakaanza kupatana kwa kupigana viganja, kila bei na kofi lake, na kwenye kofi la tisa wakafika lei, hela ya kule, elfu tatu na mia mbili. Hela zikahesabiwa. Zenovia akaishika kamba kwa pindo la aproni, Gherasim akaipokea kwa pindo la koti, maana kamba ya mnyama ikitoka mkono mtupu kwenda mkono mtupu, bahati hubaki njiani. Ikabaki pombe.

Na pombe ndiyo yenyewe. Pale mnadani ng'ombe hajauzwa kwa makofi wala kwa hela. Ameuzwa muuzaji na mnunuzi wakishakunywa glasi ya gongo ya matunda ya plamu, anayoitoa mnunuzi. Kabla ya hapo ni maongezi tu. Karani Onufrie, aliyekaa kwenye kibanda na kompyuta ya serikali, hakugonga muhuri kwenye cheti cha ng'ombe mpaka aone glasi mbili tupu, na hakuna waraka wa serikali unaosema hivyo. Bila muhuri, geti halifunguliwi.

Wakasimama kwenye meza iliyo karibu na kibanda. Gherasim akajaza glasi mbili, akamtakia Zenovia afya, akanywa yake yote. Zenovia akainua ya kwake, na kwa kuwa ni mtu wa kutazama ng'ombe wake hadi mwisho, akageuza shingo kidogo.

Mărțana alikuwa anapanda lori la kijani.

Kosa la Gherasim lilikuwa haraka. Angeifunga kamba ile kwenye uzio kwa dakika tano tu, mambo yangekwisha. Lakini kamba alikuwa ameshampa Vichentie, aliyemtuma, na Vichentie alisumbuliwa na joto na haraka zake, na nyuma ya Mărțana wakapandishwa mitamba watatu wa mtu mwingine, wakafungiwa.

Sasa, kukataa waziwazi baada ya makofi ni kuvunja neno. Mtu akivunja neno mnadani hauzi tena hapo, na siku akizikwa watu wanasimuliana kisa hicho njia nzima ya makaburini. Kuiweka glasi mezani imejaa ni kumtukana mnunuzi, na matokeo yake ni ngumi. Lakini mtu aliyeshika glasi hajakubali wala hajakataa. Anafikiri. Na mtu anayefikiri haharakishwi, hiyo nayo ni desturi, ingawa mpaka siku ile hakuna aliyewahi kufikiri zaidi ya dakika moja.

Zenovia akabaki ameshika glasi usawa wa kifua.

“Kunywa, dada,” akasema Gherasim.

“Bado nafikiri.”

Gherasim akatazama lori, akamtazama Zenovia, akavua kofia. Zenovia akamwuliza kwa upole kama kweli ana binti.

“Ninaye.”

“Na watoto wadogo?”

“Wako naye Uhispania.”

Zenovia akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia. Glasi haikutikisika.

Saa nne Vichentie akaja mwenyewe kuona kinachochelewesha. Akaeleza kwamba hakuna aliyedanganywa, hela ni nzima, ng'ombe ni mzee, na mzee Gherasim alikuwa anamsaidia tu kwa kuwa ana uso unaoaminika. Akaongeza lei mia. Akaongeza mia nyingine. Zenovia akasema anashukuru, na kwamba hilo nalo ni jambo la kufikiria, kwa hiyo sasa atachukua muda zaidi.

Watu wakaanza kukusanyika. Wachuuzi wa maboga walisema mama huyo ana haki, aliyedanganya kwanza ndiye mwenye kosa. Wauza fahali walisema neno ni neno. Mmoja akasema mkono wake utachoka kabla ya saa tano, mwingine akambishia, na wakawekeana dau la boga. Filofteia alitaka ardhi immeze. Alimnong'oneza wifi yake anywe yaishe, watu wanatazama, ukoo mzima wa Hrițcan haujawahi kutazamwa namna hii. Zenovia akamwambia kama amechoka kusimama akanunue mkate. Filofteia akaenda akanunua mkate, akarudi, akaukata na kuupaka jibini, na kumlisha Zenovia kwa mkono wake mwenyewe, huku akimwambia kwamba anamwonea aibu.

Karani Onufrie alitoka kibandani mara mbili. Aliinama, akaitazama glasi kwa upande, kama bwana mifugo anavyotazama jicho la ndama.

“Imejaa,” akasema, akarudi ndani.

Nzi akaingia kwenye gongo. Vichentie akaona matumaini.

“Haya, nzi amekunywa kwa niaba yako. Inatosha.”

“Basi akauze ng'ombe wake.”

Watu wakacheka, na Vichentie akajaribu kucheka nao, lakini shati halikuwa safi tena. Kwenye lori ng'ombe kumi na wanne walikuwa wamesimama juani na wameanza kugonga mbao. Machinjioni hupokea mpaka saa nane mchana, na barabara ni ya saa moja na nusu. Mlinzi wa geti hakuruhusu lori litoke na ng'ombe asiye na muhuri. Na Onufrie, muhuri huo, saa sita kamili huufungia kwenye droo na kwenda nyumbani kunywa supu, hata kama mnada unaungua.

Goti la Zenovia la kulia lilikuwa linamuuma mpaka kwenye meno. Hilo hakumwambia mtu. Saa tano na nusu akauegemeza mkono kwenye tumbo, na wauza fahali wakadai hiyo ni hila, wachuuzi wa maboga wakasema tumbo ni lake. Alikuwa anasikia sauti ya Mărțana kwenye lori. Ng'ombe yule hakuwa na kawaida ya kulia. Sasa alilia mara moja, mlio mfupi, kama wa mtu anayeulizia chakula.

Zenovia hakugeuka. Akaitazama glasi.

“Mama,” akasema Vichentie, na safari hii aliongea polepole, “utamlisha nini? Nyasi huna. Mkoa mzima hauna. Utamwangalia akikonda mpaka Februari, kisha utaniita mimi, na mimi nitakuja kwa nusu ya bei.”

Hayo yalikuwa kweli. Kila mmoja pale alikuwa na lundo lake nyumbani na alijua urefu wake. Filofteia akafunga kitambaa cha mkate. Na Zenovia, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alikuwa anafikiri kweli.

“Saa ngapi?” akauliza.

“Sita kasoro kumi.”

“Basi sina haraka. Bado nafikiri.”

Vichentie alitema mate, akapiga mluzi kwa dereva. Ilibidi wateremshwe kwanza mitamba watatu, na mmoja wao akachomoka akapita katikati ya maboga, kwa hiyo wachuuzi wa maboga wakahamia upande wa wauza fahali. Mwisho akashuka Mărțana, akiangalia kila ubao anapokanyaga. Gherasim ndiye aliyemleta. Aliishika kamba kwa pindo la koti, mpaka hapo hakutaka kukosea tena, na Zenovia akaipokea kwa pindo la aproni. Akamrudishia hela zake zote, akasubiri azihesabu mara mbili. Kisha akaimwaga ile gongo kwenye vumbi, kidogo kidogo, kama inavyomwagwa kwa ajili ya marehemu, akataja jina la Gavril, maana pombe ya mtu haitupwi ovyo. Gherasim akasema Mungu amrehemu Gavril. Zenovia akasema asante. Hawakuwa na ugomvi.

Njiani kurudi Filofteia aliongea kilomita tano bila kupumzika. Aliongea habari ya aibu, ya miguu, ya nyongeza ya lei mia mbili iliyoachwa mezani, ya hao watu wa maboga. Zenovia alichechemea pembeni ya ng'ombe, mkono mmoja juu ya mgongo wake. Walipofika darajani Filofteia akaishiwa, akauliza lile alilokuwa analizunguka tangu mnadani.

“Na nyasi?”

“Alhamisi ijayo nampeleka Dumana.”

Filofteia akasimama. Mărțana na Zenovia hawakusimama, kwa hiyo ilibidi awakimbilie.

“Yule wa lita kumi na nne?”

“Ndiye. Atanunuliwa kabla sijafunga kamba.”

“Halafu unabaki na huyu wa lita nne.”

“Tatu,” akasema Zenovia. “Leo amesimama sana juani.”

Filofteia akatembea kidogo akipiga hesabu kwa vidole, majira yote ya baridi, jibini yote, nusu yake na nusu ya wifi yake, na hesabu ilipokamilika akaiangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

“Tutakula nini sasa?”

“Kidogo,” akasema Zenovia, akamkabidhi kamba ili yeye mwenyewe apumzishe goti.