Siku ya Mizani Nilimnyima Nabwire Uji

Enzi zetu kule Butula, mtoto mnene alikuwa mmoja tu kijiji kizima, naye alikuwa wa karani wa chifu. Mama zetu walipokezana kumbeba kila walipokutana kisimani. Walimbonyeza mashavu, wakaguna kwa wivu, kisha wakatugeukia sisi na mbavu zetu na kututazama kana kwamba tumewaaibisha makusudi. Kunona kulikuwa heshima. Mliokulia huko mnajua ninachosema, na ninawaandikia nyinyi hasa, maana nina hofu ambayo inafanya watoto wangu wanicheke.

Siku ya kupimwa uzito ndiyo niliyoichukia kuliko zote. Kliniki ilikuja mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa kanisa. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti, na chini yake ikafungwa suruali ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Unatumbukizwa humo, miguu inaelea, unalia mpaka kamasi zinakufika kidevuni, na nesi anasoma mshale na kutia nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na mistari inayopanda. Nukta yako ikiangukia chini ya mstari wa chini, mama yako anasemwa mbele ya wenzake wote.

Mama alikuwa amesemwa mara mbili. Kwa hiyo asubuhi ya kliniki aliniketisha jikoni karibu na mafiga na kunipa uji wa wimbi na mihogo, kibuyu kizima. "Kunywa." Nikimaliza anamimina tena. "Kunywa, baba, usiniaibishe leo." Na kukojoa nilikatazwa mpaka nishuke kwenye mizani. Tulikwenda kwa miguu, mimi natembea nimebana mapaja, mama ananishika mkono kwa nguvu, macho mbele. Siku hiyo nukta ilipanda. Mama alicheka na kila mtu mpaka nyumbani, nami nilikojoa nyuma ya ukumbi kwa muda mrefu hata nikadhani sitamaliza.

Sikujua alivyokuwa akiogopa. Nilidhani ni ukali tu.

Mbali na siku hiyo moja, hakuna aliyetuangalia. Tulikula kilichokuwepo: ugali mweusi, mboga ya mrenda inayovutika kutoka sahani hadi mdomoni, dagaa wa omena siku ya soko, kumbikumbi mvua zikianza. Mapera tuliyala mabichi, na matumbo yalituadhibu vilivyo. Kutoka nyumbani hadi shuleni tulikimbia, si kwa kupenda mazoezi, bali kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo na kengele haikusubiri mtu. Jioni tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa makaratasi hadi hatuuoni tena. Giza likiingia tunaoshwa miguu, tunakula, tunalala hapo hapo na tonge mkononi. Mama aliuchukua mkono wako, akaukung'uta, akakulaza.

Na kitu kitamu? Baba alirudi kutoka soko la Jumamosi na kipande kimoja cha sukari nguru mfukoni. Tulikuwa saba. Alikivunja kwa kisu na kila mmoja akapata chembe ambayo ungeweza kuimeza kwa bahati mbaya. Mimi niliificha yangu shavuni nikiapa kwamba wanangu hawatagawana chembe.

Kiapo hicho nimekitimiza, Mungu ananiona. Leo naishi mtaa wa Burumba, mpakani, nanunua mahindi kutoka upande wa Uganda na kuyauza kwa gunia. Binti yangu Mercy anafanya kazi Malaba, kwenye ofisi ya kushughulikia makaratasi ya malori, na mtoto wake Nabwire, wa miaka minne, anakaa nasi, mimi na mke wangu. Nabwire ananiita Kuka, yaani babu kwa lugha yetu. Kila jioni narudi na biskuti mfuko wa kushoto na soda ndogo mfuko wa kulia. Akisikia mlango wa geti unalia anakuja mbio, anaingiza mikono yote miwili mifukoni mwangu, na mimi nasimama pale kama mtu aliyeshinda kesi.

Shule ya nasari anapelekwa kwa bodaboda, ingawa ni karibu kiasi kwamba enzi zetu tungefika kabla ya kumaliza kutafuna muwa. Akirudi, simu ya nyanya yake. Nje hatumruhusu, kuna trela, kuna pikipiki, na ploti yetu ni saruji tupu. Usingizi unamkuta saa nne usiku, katuni zikiendelea kuimba. Mercy naye akija mwisho wa wiki anakaa kwenye kochi moja na mwanawe, kila mmoja na skrini yake, chipsi katikati. Ukimwambia mtoto acheze kalongolongo, kule kuigiza mambo ya nyumbani, anakuuliza kama hiyo ni app.

Muhula uliopita nesi alipita nasari kupima watoto. Nukta ya Nabwire ilitoka juu ya mstari wa juu kabisa. Kadi ilikuja nyumbani na maneno kwamba apelekwe kliniki baada ya miezi mitatu, na nukta ikizidi kupanda atapelekwa hospitali kubwa kupimwa sukari. Sukari! Mtoto ambaye bado anavaa viatu mguu si wake!

Mke wangu alicheka. "Mtoto ameshiba, sasa ni ugonjwa?"

Mercy alisema kwa simu, "Daddy, hiyo ni mwili ya utoto tu, itaisha yenyewe."

Nilitaka kuwaamini. Lakini Jumapili nilimwona Nabwire akipanda ngazi za kanisa, ngazi sita tu. Alisimama kwenye ya nne, akashika goti, akahema mdomo wazi. Usiku huo nilimsikia akikoroma kama mtu mzima. Tangu hapo sikulala vizuri. Kaka yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na yeye alikuwa mtu wa miaka sitini.

Ningekuwa na akili ningebadilisha mambo siku ile ile. Sikufanya hivyo. Niliendelea na biskuti, nikisema wiki ijayo. Kisha miezi mitatu ikaisha.

Asubuhi ya kliniki nilimwambia mke wangu asimpe mtoto kitu. Uji ulikuwa tayari mezani, niliufunika. Nilimvalisha gauni jepesi kuliko yote, nikamvua bangili, nikampeleka chooni mara mbili. Mimi, ninayemfukuza mtu stoo akileta mahindi aliyoyanyunyizia maji ili gunia lizidi uzito! Nilimkausha mjukuu wangu kama mahindi juani, kisha nikamfunga mgongoni mwangu, tukapanda bodaboda kwenda kupimwa.

Tulikaa kwenye foleni ya benchi. Nabwire aliegemea mkono wangu.

"Kuka, nasikia njaa."

"Ngoja kidogo."

"Nimefanya makosa?"

Hapo ndipo nilipomwona mama tena mawazoni, asubuhi ile ya kibuyu, macho mbele, amenishika mkono kwa nguvu. Nilifahamu kwa mara ya kwanza kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu anayeogopa. Jina lilipoitwa niliingia na kusema yote kabla ya kukaa.

"Sister, huyu mtoto hajakula. Nimemnyima uji ili nukta ishuke."

Nesi alikuwa msichana mdogo, umri wa kitinda mimba wangu. Alinitazama, hakucheka.

"Mzee, sasa hiyo kadi unadanganya nani? Mimi naenda nyumbani saa kumi. Wewe ndio unabaki na mtoto." Akasukuma kiti. "Mpeleke pale nje kwa mama wa uji, akunywe kikombe moja, bila sukari mingi. Nitawangoja."

Nabwire alikunywa polepole, akilamba mdomo. Tukarudi, akapimwa. Nukta ilipanda tena. Nesi alizungumza nami muda mrefu: maji badala ya soda, chakula cha nyumbani, kulala mapema, na kukimbia. Alikazia kukimbia, kila siku, mpaka jasho litoke. Hakumwandikia hospitali bado. Alinipa miezi mingine mitatu, na akasema, "Hii mara ingine siongezi, mzee."

"Anakimbia lini kwa siku?" aliniuliza.

Nilitafuta jibu, nikakuta ni moja tu. Mjukuu wangu hukimbia mara moja kwa siku, kutoka mlangoni hadi getini, kuifuata mifuko yangu. Nikiacha biskuti, naua mbio zenyewe.

Hilo ndilo linalonikosesha raha. Siku ya kwanza nilirudi na ndizi mbivu moja. Aliipata, akatafuta mfuko wa pili, akakuta hamna, akalia hadi mke wangu akanitazama kwa hasira. Siku ya pili alitembea. Siku ya tatu hakutoka ndani.

Siku ya nne sikuingia getini. Nilisimama nje, ukutani, nikampigia kelele kama tulivyoitana sisi wakati wa kati. Alichungulia. Nilirusha mpira wa makaratasi niliousuka stoo kwa kamba za magunia. Alicheka. Akaja. Tangu hapo kila jioni nasogea nyuma kidogo: kwanza geti, halafu ukuta wa jirani, jana mlango wa kinyozi, mke wangu akizuia pikipiki kwa mikono yote miwili.

Enzi zetu mama alihesabu nukta, na mbio zetu hazikuhesabiwa na mtu. Leo nasimama barabarani nikihesabu hatua za mtoto mmoja. Anafika, ananikumbatia miguu, na mimi nainama, nasikiliza anavyohema, nikijaribu kujua kama kuhema kumepungua tangu jana.