Mlimnyang'anya Mama Jembe

Enzi zetu mzee akianza kusahau hakunyang'anywa jembe. Naanza na hilo makusudi, maana ninaandika nikiwa na hasira, na mwenye hasira akizunguka sana husahau alichotaka kusema. Mama yangu hajafa. Yupo, anakula, anacheka akipata wa kumchekesha. Lakini kwa muda mrefu tulimzika akiwa hai, katika nyumba nzuri ya marumaru pale mjini Somanda, huku tukijisifu kwamba tunamtunza.

Nyie wenzangu mliokwenda shule na fagio mkono huu na kidumu cha maji mkono ule, mtanielewa. Mimi nimekulia kijijini Nkoma. Msimu wa pamba ua wetu wote uligeuka mweupe, na mikono yetu ikawa na mikwaruzo hadi kwenye viwiko. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama, mchana michembe, yale maviazi makavu yanayotafunwa hadi taya ziume, pamoja na karanga, jioni ugali kwa mlenda, na maziwa ya mgando yaliyotikiswa kwenye kibuyu. Hakuna aliyetuambia kwamba hicho ni chakula cha ubongo. Kilikuwa chakula. Mwalimu wa hesabu alisimama mlangoni na hukuingia darasani mpaka ujibu, saba mara nane, tisa mara sita, na ukikosea unarudi mwisho wa mstari. Ukipeleka ng'ombe machungani na mawazo yakakutoroka, ng'ombe waliingia choroko za watu, na fimbo ya baba iliyarudisha mawazo yote mahali pake. Tulicheza mdako, tukacheza kombolela, tukategana vitendawili karibu na moto, na giza likishaingia tulilala, kwa sababu giza la wakati ule lilikuwa giza kweli.

Nilikuwa darasa la nne Bibi Milembe, mama yake baba, alipoanza kupotea. Alitia chumvi kwenye mboga, akakaa kidogo, akatia tena. Alikwenda kisimani akarudi na ndoo tupu, anaimba. Mimi aliniita Wande, jina la binti yake aliyefariki zamani, kabla hata baba hajaoa. Sisi watoto tuliona ni kichekesho. Tulijificha nyuma ya ghala tukimwigiza anavyotafuta kitambaa chake huku kiko kichwani.

Mama alitukamata tukiigiza. Hakutupiga. Alituketisha chini akasema, "Kichwa cha mzee ni kama kijia cha kwenda kisimani. Kisipopitwa kinaota majani. Sasa nyie mtapita humo kila siku, na atakayechoka nitamwonyesha."

Ikawa sheria. Huyu anamuuliza majina ya mababu wa ukoo anaposaga, yule anamshika mkono kwenda kuwapokea ng'ombe wakirudi. Pamba ikivunwa, Bibi alikaa mbele ya lundo akitenga pamba safi na pamba fifi, ile yenye uchafu. Alichanganya, na mama alizitenga upya Bibi akienda kupumzika. Wakati wa kulima alibeba kijembe chake mwenyewe, kilichokwisha kwa kunolewa, akalima anapotaka. Siku nyingine alilima palepale tulipopanda jana, mahindi yakalala mizizi juu. Baba aliyatazama yale mahindi, akamtazama mama, akaenda kutafuta mbegu nyingine. Jioni tukapanda upya.

Msidhani ninasema enzi zetu zilikuwa peponi. Nazijua vizuri. Ndizo enzi ambazo bibi kizee mwenye macho mekundu aliweza kukutwa amekatwa mapanga kwa kudhaniwa mchawi, na watu wakaenda shambani kama kawaida. Jirani mmoja, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanakufa, alianza kunong'ona pale kwenye kituo cha kununulia pamba. Alisema mzee anayeongea peke yake hawezi kuwa anaongea na watu wazuri. Baba alisikia. Alimfuata mbele ya wote akamwambia, "Macho ya mama yangu yameharibiwa na moshi wa kukupikia wewe, njaa ilipokuleta kwangu na watoto wako. Ukitaja tena uchawi, utautaja mbele yangu." Na tangu Jumapili iliyofuata mama alimpeleka Bibi kanisani, akamkalisha benchi la mbele kabisa, amevaa kanga mpya, ili kila mtu amwone akikosea wimbo. Akikosea, mama alikosea naye kwa sauti kubwa zaidi. Bibi alikufa kitandani kwake, ugonjwa tu, watu wamemzunguka. Hakupona kusahau. Lakini hakuwahi kuwa peke yake.

Sasa njooni Somanda.

Baba alipofariki, mdogo wangu Maduhu alimchukua mama. Maduhu anafanya kazi ofisini, ana gari, ana geti la chuma. Mimi nimebaki Nkoma na mashamba. Nilifurahi, nikajua mama atapumzika. Na kweli alipumzika! Alikatazwa kufagia, kuna msichana wa kazi. Alikatazwa kupika, gesi ni hatari. Alipanda matembele nyuma ya nyumba, yakang'olewa, pakawekwa vitofali. Kijembe alichotoka nacho kijijini kilipelekwa stoo kwa sababu, nilivyoambiwa, kinachafua.

Siku moja nilikwenda na gunia la michembe. Nilimkuta kwenye kochi mbele ya televisheni, msafi, nywele zimesukwa vizuri, macho yamefunguka hayaoni kitu. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," umeamkaje, mama; kwetu hata binti huitwa mayu. Aliendelea kutazama televisheni. Wajukuu wake walikuwepo palepale, kila mmoja ameinamia simu yake kama kuku anayekunywa maji. Neema, mkubwa, yuko kidato cha tatu. Hukesha na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ili asome, asubuhi anasinzia kwenye chai. Nilimuuliza namba ya simu ya mama yake, akacheka, "Shangazi, si ipo kwenye simu?" Nje mvua ilianza kupiga bati, na mdogo wake akafungua simu kuangalia kama leo mvua itanyesha. Nilicheka mpaka nikaumia mbavu. Kisha mama akanivuta nguo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mayu, kazi iko wapi hapa? Niambie kazi iko wapi."

Kicheko kikaniishia.

Maduhu aliporudi nikamwambia mama anaharibika. Alikubali, akaniambia ameshachukua hatua. Akatoa kabatini chupa ya maji meusi matamu, dawa ya kurudisha kumbukumbu, aliyouziwa na mtu anayetangaza kwenye simu.

"Anapewa kijiko asubuhi na jioni," alisema.

"Nani anaongea naye?"

"Dada, watu wana kazi."

"Nimeuliza nani anaongea naye, Maduhu."

"Unataka nifanye nini? Nimrudishe akalime? Watu wa mtaani watasemaje, mtoto wake ana gari na mama anashika jembe?"

Nilibeba mkoba wangu nikarudi Nkoma, kwa sababu ni nyumba yake.

Haikupita muda mrefu, simu ikalia nikiwa shambani. Mama ametoka, haonekani. Msichana wa kazi alikuwa ameacha geti wazi. Nilipanda pikipiki kutoka Nkoma nikiwa na matope miguuni, njia nzima nikiona kila bibi ni yeye. Somanda walikuwa wamewatuma bodaboda kila upande, hadi njia ya kwenda Maswa, na wifi yangu alikuwa analia barabarani. Tukampata jioni. Hakuwa mbali. Alikuwa kibarazani kwa mama mmoja anayeuza karanga, mitaa michache tu kutoka nyumbani, amenyoosha miguu, ungo mapajani, anabangua. Alikuwa anamsimulia yule mama jinsi alivyoolewa, ng'ombe walivyoletwa, mmoja ana pembe iliyopinda, wazee wakamkataa. Yule mama alikuwa anacheka machozi. Mama aliniona akasema, vizuri kabisa, "Nkwimba, umechelewa. Kaa ubangue."

Aliniita kwa jina langu! Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu msimu uliopita.

"Alipita hapa akaniuliza kama nina kazi," muuza karanga alisema. "Nikampa ungo. Nimekosea, mama?"

Nilitaka kumbusu miguu. Lakini Maduhu alikuwa ameshafika, uso umemwiva kwa aibu. Hakumtazama mama, aliutazama ule ungo. "Mama yangu anafanya kibarua mtaani," alisema, na hakuna ambaye hakusikia.

Kesho yake alinunua kufuli.

Ndugu zangu, mimi nimezika mume, nimeona ukame ukila pamba ikabaki mashina matupu, sijawahi kukasirika vile. Nilisimama mbele ya lile geti nikiangalia kufuli jipya, na mama upande wa ndani ameshika vyuma anauliza wanaopita kama wameona ng'ombe. Nilimwambia Maduhu maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake mbele ya mke wake. Nilimwambia, "Jirani aliyemwita Bibi Milembe mchawi hakuweza kumfungia ndani. Wewe umemfungia mama kwa mapenzi. Wewe ndiye mbaya zaidi." Naye akanijibu kwamba nimekaa kijijini namwachia mzigo, halafu nakuja kumpangia. Katika hilo hakudanganya, na ndiyo maana liliniuma.

Wifi ndiye aliyetutenganisha. Alisema twendeni hospitali, wote, na mama.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye foleni ndefu nje. Alimpima mama presha akakuta iko juu, akaandika dawa. Alimpima masikio, kumbe sikio moja limejaa nta, lilisafishwa palepale. Alimuuliza mama majina ya watoto wake, mwezi, mahali alipo. Kisha akatugeukia.

"Anashinda anafanya nini?"

Maduhu akasema, "Anapumzika."

"Anapumzika kutoka kwenye nini?"

Daktari akatuambia bila kutuficha kwamba ugonjwa huu wa kusahau hauna dawa ya kuuponya, na ile chupa tuiache kwa sababu hajui ndani yake kuna nini. Lakini presha isimamiwe, alale vizuri, ale mboga, atembee na mtu wa kumshika mkono, mikono yake ipate cha kufanya, na watu waongee naye hata akirudia hadithi ileile. "Msimkosoe kila anapokosea," alisema. "Anajua anakosea. Anaogopa kuliko ninyi."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wangu kwa nguvu, kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Sikuwahi kufikiri kwamba anaogopa. Miaka yote hiyo tumesema mama amekuwa mkali, mama amekuwa mkaidi. Kumbe alikuwa anaogopa, mchana kutwa, mbele ya televisheni.

Nilirudi naye Nkoma. Msisubiri niwaambie amepona. Kuna siku ananiita Wande, kama Bibi alivyoniita, na ananipa pole ya kifo changu mwenyewe. Kuna siku anakataa kuoga ananirushia bakuli. Kuna siku nachoka naingia ghalani nalia. Lakini anachambua choroko, anafukuza kuku, anatembea hadi kwa jirani na kurudi tukishikana mikono, anagombana nami kuhusu chumvi. Usiku analala. Maduhu huja Jumapili. Mwanzo alikaa ndani ya gari akiongea na simu, siku hizi anakaa chini anamenya viazi ovyo, maganda manene upande mmoja, na mama anamsema. Neema alikuja likizo, akazunguka uwanja mzima akiinua simu juu kutafuta mtandao, mama akadhani anaomba mvua, akaungana naye kuinua mikono. Mtoto yule alicheka mpaka akakaa chini. Kabla ya kuondoka alikuwa anajua majina ya mababu hadi wa nne. Bado anakesha, bado anakunywa makopo yake. Nimemsema nikachoka.

Nawacheka vijana, wenzangu, ila hasira yangu haiko kwao. Simu wamenunuliwa na sisi. Televisheni tumeiwasha sisi. Sisi tuliolelewa na watu wanaoongea ndio tumejenga nyumba ambazo ndani yake hakuna anayeongea, tukaziwekea geti.

Wiki iliyopita, mchana, nilikuwa nasonga ugali nimenuna, nimekumbuka lile kufuli. Mama aliacha choroko zake akanitazama.

"Wewe ni nani?"

"Nkwimba, mayu."

"Una hasira."

"Ndiyo, mayu."

"Nani amekuudhi?"

Ningemwambiaje? Ningemwambia ni mwanao? Nikasema, "Mtu mmoja tu."

Akavuta kigoda, akakaa karibu na chungu, akanawa mikono.

"Mwite aje ale," alisema.

Enzi zetu ugomvi uliishia hapo, kwenye sahani moja, mikono ikigongana, na aliyekosa na aliyekosewa wote wakilamba vidole. Sisi leo kila mtu ana sahani yake na chumba chake. Nilisimama na mwiko mkononi, hasira bado ninayo, nikampigia Maduhu simu.