Jina la Mzee Kitabuni

Seleyian hakuacha shule kwa kupenda. Aliozwa akiwa kidato cha pili, na alipofika miaka thelathini na minne akaamua kwamba mtihani wa kidato cha nne ataufanya, liwe liwalo. Kila asubuhi alisambaza maziwa kwenye ploti za Kitengela. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Wakhungu, mwalimu wa Kiingereza, na hapo alipewa neno moja gumu na maana yake. Kesho yake alirudi na sentensi.

Mwalimu alikuwa na sharti moja. "Iwe ya kweli, Mama Naisula. Ya kubuni utaisahau kabla ufike steji."

Basi akaandika ya kweli. Alipopewa "reluctant", yaani asiye na hamu ya kufanya jambo, aliandika juu ya ng'ombe wake Nado aliyegoma kuvuka lami. Alipopewa "clandestine", jambo la kificho, alikaa na kalamu muda mrefu. Kisha akaandika kwamba Parmuat, baba mkwe wake, aliuza shamba la Isinya kwa kificho, wanawe wasijue. Yeye alijua kwa sababu ndiye aliyemsomea mzee mkataba. "Hii ni yangu na yako," mzee alimwambia, na kwa miaka mitatu ilibaki hivyo.

Maneno yalipofika mia mbili, Mwalimu aliliomba daftari lake la sentensi akasahihishe. Likarudi na alama nyekundu na pongezi.

Muhula uliofuata binti yake Naisula alitoka shule na kijitabu kipya cha maneno magumu. Jaladani palikuwa na jina la Wakhungu. Jumapili, baada ya kanisa, Kisemei, mume wa Seleyian, akataka kusikia Kiingereza cha mtoto. Mzee alikuwepo na kikombe chake cha chai.

Msichana akasoma ya ng'ombe Nado. Seleyian akasimama.

"Inatosha. Niletee sufuria."

"Moja tu, mum. Hii iko na jina la babu." Akaisoma, akaitafsiri huku akicheka, akidhani ni Parmuat mwingine.

Kisemei hakucheka. Alimgeukia baba yake. Mzee hakumtazama mwanawe. Alimtazama Seleyian, akaweka kikombe chini.

"Uliniandika," akasema.

Jumatatu Seleyian alibisha kwa Mwalimu bila maziwa.

"Ungefurahi," Wakhungu akamwambia. "Sentensi zako zinasomesha watoto mpaka Kajiado. Na jina lako sikuweka popote. Nilikulinda."

"Langu umetoa. La mzee umeacha."

"Hapo nilipitiwa. Lakini nani angejua?"

"Nilikuwa nakuambia wewe, Mwalimu. Wewe peke yako."

"Ulikuwa unajifunza," akasema polepole, kama anayesahihisha.

Hivyo ndivyo aliyesoma anavyomvuna aliyenyimwa shule, kisha akangoja ashukuriwe.

Parmuat alihamia kwa mwanawe mdogo huko Kajiado. Kisemei alikuja kumuuliza mkewe swali moja tu: alijua tangu lini? Alipojibiwa, hakuuliza tena, wala hakuzungumza naye kwa wiki nyingi.

Mtihani Seleyian aliufanya Novemba. Insha ilitaka aeleze siku ambayo hataisahau maishani. Alijaza kurasa tatu juu ya harusi ya dada yake. Seleyian hana dada.