Mgiriki Anayelaza Mzabibu

Askari walipopora duka lake mpaka rafu, Mgiriki yule alibaki na mzabibu mmoja nyuma ya nyumba, na jirani yake Déogratias alizoea kumtazama kupitia ua wa matete. Vidole vinene vya mzee huyo vilichuma majani moja moja, polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha. Kwao Samos, alipenda kusimulia, milima inashuka hadi baharini, babu zake waliichonga ngazi za mawe wapande mizabibu, na baridi ndiyo huangusha majani ili mti upumzike. Baridi ya Likasi, huku Kongo, haitoshi, kwa hiyo kila mwezi wa sita aliifanya yeye kazi hiyo. Divai yake ilikuwa kali kama siki. Déogratias aliinywa kila Noeli na kuisifu.

Asubuhi ile, mzee akichuma majani, Wagiriki wenzake walikuwa wanahamia Zambia, na gari la mwisho, lililokwisha kupakia sanduku lake, lilipiga honi mlangoni.

“Papa, weye unanyoa muti na inchi inaungua!” dereva alifoka.

“Ngoja. Muzabibu haiyalala bado.”

Déogratias alishikilia matete, akiomba kimoyomoyo majani yasiishe. Mwishowe gari liliondoka na sanduku la mzee. Yeye hakugeuka, alihamia tawi la pili.